Wakuu nisaidieni: Bayliner ya injini moja au boti ya Yamaha mbili? Familia ya watu sita, Dar

BabaMbezi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Naenda kwenye mada moja kwa moja maana mama watoto kanipa hadi Jumapili ijayo niwe nimeamua, la sivyo hela inarudi kwenye kiwanja cha Bunju na hapo ndo tutakuwa tumeshaagana na bahari.

Tuko sita. Mimi, wife, watoto watatu (mkubwa 13, mdogo 4) na mama mkwe, mtu wa Unguja huyu na ndiye aliyelianzisha hili jambo, kila tukipanda ile boti kubwa ya abiria anasema "nyie wanaume wa bara mna magari matatu mnashindwaje kuwa na chombo". Matumizi yetu ni wikiendi Mbudya au Bongoyo, mara chache Sinda, na mara mbili tatu kwa mwaka kuvuka kwenda Unguja. Bajeti milioni 70, hapo ndani na vikorokoro vyote.

Boti A: Bayliner futi 28, ya 1997, ililetwa kutoka Dubai. Injini moja ya petroli MerCruiser V8 lita 5.7, ile inakaa ndani kwenye tezi halafu mguu wa propela unatokea nyuma. Kabini jamani acheni tu, wanalala wanne bila kubanana, choo cha mlango, sinki, jiko, kafriji, AC. Wanangu waliingia wakagoma kutoka. Imekaa boyani kama miaka mitatu haitembei sana, mwenyewe anasema inahitaji sevisi tu. Anataka 52.

Boti B: futi 26, faiba ya kutengenezwa hapahapa nchini, ilikuwa inabeba wazamiaji. Kabini ni kakibanda ka mbele unaingia umeinama, godoro la watu wawili, kachoo ka pampu pembeni. AC hakuna, ila ina turubai kubwa juu na mabenchi. Injini mbili za nje Yamaha 115, zile za petroli tupu zisizochanganywa oili, ana daftari la sevisi linaonyesha kama saa 600. Anataka 66 na hashuki.

Moyo uko A. Akili sijui iko wapi, ndo maana nimekuja kwenu.

FundiTezi

Mkuu hilo neno "inahitaji sevisi tu" nimelisikia kwa wauza boti miaka 19 na sijawahi kukutana na hiyo sevisi tu.

Ngoja nikueleze kinachotokea kwenye injini ya namna hiyo ikikaa majini. Kuna mpira wa mikunjo kama kodiani pale mguu unapotokea nje, ule mpira ndio unazuia bahari isiingie ndani ya boti, na una umri, ukikaa juani na chumvini miaka mitatu bila kuguswa unapasuka kwenye mikunjo. Ukipasuka boti inazama ikiwa imefungwa palepale boyani, hujaenda popote. La pili ni ekzosti, kwenye nyingi za zamani inapoozwa na maji ya bahari, chuma kinaliwa kwa ndani huku nje kimepigwa rangi kinang'aa, siku kikitoboka maji ya chumvi yanaingia kwenye silinda na injini ndo basi tena. La tatu oili ya gia ya mguu. Toa kidogo uiangalie, ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa ujue maji yameshaingia.

Sisemi Bayliner ni mbaya, ni boti nzuri kwa mtu anayeilaza nchi kavu na kuiosha kila ikitoka majini. Swali langu ni moja, hiyo boti utailaza wapi?

Kijiti Kavu

Mimi kwa 70M nachukua Alphard mbili nazifunga kamba pamoja naelea nazo 😂😂

MpembaWaMkoani

Salaam ndugu yangu. Fundi kasema ya mashine, mie nitasema ya bahari.

Mbudya na Bongoyo ni uani kwako, hata ngalawa inafika. Unguja ni habari nyengine, ni maili 40 za bahari hivi na katikati hapana pa kujificha. Saa hizi ni mwisho wa kaskazi mnaiona bahari imelala mnadhani ndo tabia yake. Subirini kusi, mwezi wa sita na wa saba. Skagit ile ya 2012 ilizama mwezi wa saba karibu na Chumbe, na ile nayo ilikuwa chombo cha mtumba, kilikuwa kivuko huko jimbo la Washington Marekani kwenye maji ya ndani yaliyozungukwa na nchi. Chombo kinachofaa maji ya kwao si lazima kifae mkondo wetu.

Kwa injini moja na watoto mie sivuki. Injini ikizima kwenye kusi chombo kinakaa ubavu kwa mawimbi, na hizi zenye nyumba kubwa juu upepo unazisukuma kama tanga. Zikiwa mbili utarudi na moja japo pole pole.

Na ukitaka kuiona boti chini bila gharama ya kuinyanyua, ngoja bamvua, siku zile maji yanajaa na kupwa sana. Mwambie mwenyewe aisogeze pwani penye mchanga na mguu aunyanyue, maji yakipwa itakaa kavu utaizunguka kwa miguu. Muuzaji mkweli hakatai.

Mama wa Watatu

Kaka wote humu wanaongelea injini naomba niongelee choo maana ndo safari zinavyokufa. Mtoto wa miaka 4 na bibi yake, masaa mawili na nusu baharini. Hiyo B choo chake mama mkwe anaweza kuinama akaingia? Mpeleke akajaribu kukaa, usimuulize, mpeleke.

Halafu hiyo kabini ya A umeingia saa ngapi? Kama ni jioni rudi saa saba mchana. Sisi tulikodi boti ya namna hiyo mwaka juzi, AC inafanya kazi mkiwa mmechomeka umeme wa gati, mkishatoka haina kitu bila jenereta. Ndani palikuwa kama tanuri la mikate, vitanda vizuri mno na hakuna aliyevilalia. Wote tulijazana nyuma kwenye kivuli cha kuvizia. Kwa Dar turubai ni muhimu kuliko kitanda.

BabaMbezi

@Mama wa Watatu niliingia saa kumi na mbili jioni 🙈 umenikamata.

@FundiTezi pa kulaza: nilikuwa nategemea boyani palepale alipo sasa hivi, nalipia mwezi mwezi. Trela sina. Kwani B nayo si itakaa majini?

Na mafuta je? Injini mbili si ndo zinakunywa mara mbili?

FundiTezi

B ikikaa majini unanyanyua injini zote juu ya maji kwa kitufe, ukirudi unaziosha kwa bomba la maji baridi, imeisha. A mguu hata ukiunyanyua sehemu yake inabaki chumvini.

Mafuta hayapishani kihivyo. V8 ile ikishainuka ikawa inateleza hesabu lita 50 hadi 55 kwa saa. Zile 115 mbili ukienda nazo kistaarabu ni 40 hadi 45 kwa pamoja. Kuvuka Unguja masaa mawili bahari ikiwa nzuri, kwa hiyo A itakula kama lita 110 kwenda tu. Na usiweke ya kwenda na kurudi ukaona umemaliza, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi hutaigusa.

Ila wanaosema injini mbili ni usalama waulize tanki ni ngapi. Nimevuta boti ya injini mbili zote zimezima dakika moja kwa sababu zinanyonya tanki moja lenye maji. Angalia kama kila injini ina chujio lake la kutenga maji. Na gonga ukuta wa nyuma zinaponing'inia injini, tumia mpini wa bisibisi, ikilia ko ko ko ni nzima, ikilia bu bu ujue mbao iliyo ndani ya faiba imeoza. Zaidi ya kilo 350 za injini zinaning'inia hapo.

KijanaMtwapa

Kaka nakupa yaliyonikuta mimi huku Mtwapa. Nilikuwa na ya aina ya A, kubwa kidogo. Altaneta ikafa, nikaletewa fundi wa magari akafunga ya gari, ikachaji vizuri nikampa hela yake na soda. Baada ya mwezi fundi wa boti akafungua mfuniko wa injini akanyamaza kabisa. Maanake altaneta ya gari na stata ya gari zinatoa cheche wazi, kwenye gari upepo unapeperusha mvuke wa petroli, kwenye boti mvuke ni mzito unashuka unakaa kwenye ngama, chini kabisa ya boti, ukingoja hiyo cheche. Nilikuwa nalaza watoto juu ya bomu mwezi mzima.

Kwa hivyo ukichukua A hakikisha ile feni ya kunyonya hewa kwenye chumba cha injini inazunguka, iwashe dakika nne nzima kabla hujapiga stata, kila safari. Na uweke kengele ya moshi wa sumu kabini, ukitembea taratibu na mapazia ya nyuma umeyafunga moshi wa ekzosti unarudi ndani na hauna harufu ya kukuamsha.

Bandarini

Jamani mnamtisha mwenzenu. Mimi naendesha boti ya mguu kama hiyo mwaka wa saba sasa na haijanilaza baharini, siri ni kuipandisha kila mwaka, mpira nabadilisha kabla haujaniomba, basi. Mtu anataka kulala na familia Sinda usiku wanatazama nyota, mnampa boti ya wazamiaji yenye mabenchi kama daladala? Mkuu kama fundi akikuta injini nzima, mshushe hadi 38 au 40, iliyobaki weka kwenye ukarabati, utakuwa na nyumba juu ya maji ambayo kwa hela hiyo huipati tena.

Makaratasi Kwanza

A imetoka Dubai, je ushuru ulilipwa? Omba nyaraka za TRA zenye namba ya bodi na ukazilinganishe na namba iliyochongwa tezini upande wa kulia. Usajili na cheti cha ukaguzi cha TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, ni cha lini? Na namba za injini za B pia, zile Yamaha zinaibiwa kuliko pikipiki, kibandiko kikiwa kimebanduliwa ondoka. Ukienda Unguja mara kwa mara kawaulize na ZMA, mamlaka ya vyombo vya baharini ya Zanzibar, upande ule wanataka nini.

BabaMbezi

MREJESHO wakuu. Samahani kwa ukimya, Jumapili ilipita ikaongezwa Jumapili nyingine.

A tuliisubiri bamvua kama mzee wa Mkoani alivyosema. Mwenyewe alikubali kwa shingo upande. Mpira umechanika mikunjo miwili, chaza wameota hadi ndani ya tundu la kunyonyea maji, oili ya mguu chai ya maziwa kweli kabisa, yaani niliangalia nikakumbuka maneno. Fundi akapima mgandamizo, silinda mbili ziko chini sana na zimepakana. Feni haizunguki. Hesabu ya fundi milioni 18 bila kugusa AC. Muuzaji akashuka mwenyewe hadi 40 kabla sijafungua mdomo, hapo ndo nikaogopa zaidi.

Bandarini kaka nilikuelewa, na nilikaa kwenye kile kitanda dakika kumi peke yangu nikiwaza nyota za Sinda. Ila mwaka wa kwanza wote ningekuwa nawaza mpira.

B tumeenda nayo baharini wote sita saa tatu asubuhi, tukapita Mbudya tukaenda nje mpaka mawimbi ya mkondo yenyewe. Niliomba tuzime injini moja, ikatembea kama noti sita (maili sita za bahari kwa saa), inachosha ila inafika. Ukuta wa nyuma ko ko ko kote isipokuwa mkono mmoja pembeni ya bolti, fundi kasema ni kuchimba na kujaza. Tanki kweli ni moja! Hapo ndo nilipomshushia muuzaji, aliyesema hashuki akashuka hadi 63, nimebakiza za tanki la pili, machujio na jaketi za kuokolea saizi za watoto maana zilizokuwepo zote ni za watu wazima.

Mama mkwe kaingia chooni akatoka akasema "kidogo lakini changu". Wife kaingia kwenye kabini dakika tano tukiwa nje kule, akatoka kijani kwa kichefuchefu, akasema humo ndani mtalala nyie. Kwa hiyo suala la vitanda limejifuta lenyewe, tutalala bandani Mbudya kwa mahema ruhusa ikipatikana hifadhini.

Kinachonisumbua sasa ni trela. Nimepata ya futi 26 lakini pwani tunapopandishia ni mchanga mtupu, Land Cruiser ya shemeji imeshazama mara moja bila hata boti. Mnatumia nini?

FundiTezi

Trekta ya kukodi. Na beringi za trela zioshe na uzipake grisi kila zikitoka chumvini, usingoje zilie. Hongera mkuu.

Kijiti Kavu

Alphard zangu bado zipo 😂