Hizi pedi za kudansi wanazoziita "imara" zilijaribiwa na miguu ya nani?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoshwa na pedi za kudansi za nyumbani, yale mazulia ya mishale unayokanyaga kufuata wimbo wa gemu kwenye skrini, na wauzaji wanaobandika neno "imara" kwenye kila kitu chenye mishale minne wamenichosha zaidi.

Ya kwangu ni ile laini ya kukunja, yenye sponji ndani. Tangazo lilisema ina "ubora wa mashine za kwenye kumbi za magemu". Sasa mshale wa kulia umeanza kugoma. Ungekufa moja kwa moja ningejua moja. Huu unakanyaga katikati, kimya. Unakanyaga pembeni kidogo, unaitika. Unatoa mguu, wenyewe bado unadhani umekanyagwa. Hatua umeipiga sawasawa kabisa, skrini inakuandikia Miss (umekosa), kombo, yaani mfululizo wako wa hatua sahihi, imekwenda na maji. Nimemwandikia muuzaji, eti nifute kwa kitambaa kikavu. Nifute nini wakati ugonjwa uko ndani?

Kwa ambao hawajawahi kuichana: ndani kuna karatasi mbili za plastiki zilizopakwa njia za umeme, katikati yake sponji yenye matundu. Ukikanyaga, karatasi zinagusana kupitia matundu, na hapo ndipo gemu inapojua umepiga mshale. Basi, hakuna kingine. Mahali palepale panapigwa kisigino wimbo baada ya wimbo mpaka rangi ya umeme inalika, na ukiwa mtu wa kuikunja na kuiweka uvunguni, inapasuka kwenye mikunjo. Sponji nayo ikilala hairudi juu, ndiyo maana mshale unabaki umeshika. Sasa niambieni, unene wa ngozi ya juu wanaousifia kwenye matangazo unazuia kipi hapo? Ngozi ya pedi yangu haina hata mkwaruzo!

Na kinachoniuma kuliko vyote, wameishona pande zote nne. Hakuna zipu, hakuna skrubu. Hitilafu ambayo mtu mwenye subira angeitengeneza mezani kwake inakuwa hukumu ya kifo kwa pedi nzima. Kwangu mimi kitu kisichofunguka hakiwezi kuitwa imara, hata wakikifunika kwa ngozi ya kifaru.

Halafu kuna zile pembe. Wanajaza vitufe kila kona ili waandike "inafaa kwa gemu zote". DDR (gemu ya kudansi ya Dance Dance Revolution) inatumia mishale minne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Pump It Up, gemu nyingine ya kudansi, ndiyo inayotaka kona nne na katikati. Kwenye pedi ya namna hii, uko katikati ya wimbo mgumu, ukingo wa kiatu unagusa kona ya juu, tayari umesimamisha gemu. Jasho lote lile, unaangalia menyu.

Wenye adapta za kuunganisha pedi za zamani za plei (PlayStation) kwenye kompyuta, nanyi msilaumu pedi kwanza. Adapta nyingi zinaisoma mishale kama kijiti cha kuongozea. Kijiti hakiwezi kwenda kushoto na kulia kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiruka kwa miguu yote miwili, mishale hiyo inafutana na gemu haioni kitu. Fungua StepMania, gemu ya kudansi ya kompyuta, ni ya bure, nenda kwenye sehemu ya kujaribu vitufe, kanyaga kushoto na kulia pamoja, kisha juu na chini pamoja. Isipoonyesha yote mawili, adapta hiyo rudisha. Sijawahi kuona tangazo hata moja linalolitaja hili.

Wala hawataji pedi inatuma taarifa mara ngapi kwa sekunde. Ikiwa ni mara 125, hatua yako inaweza kuchelewa hadi milisekunde 8 kabla hata kompyuta haijaiona. Marvelous ya DDR, yaani alama ya juu kabisa kwa hatua moja, inakupa milisekunde 16 na ushee tu kila upande wa mdundo. Nusu ya nafasi imeliwa na waya, kisha unaambiwa huna mdundo.

Najua mtakuja na "nunua ya chuma". Sawa, na nakubali ndiko nitakakoelekea. Watu wanazisifia L-TEK za Poland kwa sababu paneli zinafunguka kwa skrubu, na mshale ukilegea unaweka kipande cha karatasi ngumu juu ya sensa (kile kinachohisi mguu), unafunga, unaendelea kucheza. Hicho ndicho ninachokitafuta. Lakini hata kwenye chuma matapeli wamejaa: bati jembamba juu, chini yake karatasi zilezile za plastiki. Unakanyaga na kusikia bati linabonyea. Na uzito si sifa ndogo, maana pedi nyepesi kwenye sakafu laini inatembea. Unaanza wimbo mbele ya skrini, unaumaliza unacheza pembeni.

Kwa hiyo wenye pedi za chuma mlizokaa nazo muda mrefu, njooni na majibu ya maana, si "kaka iko poa sana". Nataka kujua: sensa ni za aina gani, swichi za kugusana au zile zinazopima mkandamizo? Paneli moja ikifa, inauzwa peke yake au lazima ununue pedi nzima? Ule waya unaotoka kwenye pedi unachomoka, au umeunganishwa humo humo ndani? Kwenye pedi yangu ya awali, waya ndio uliotangulia kufa, pale pale unapoingilia kwenye kisanduku cha vitufe.

Na atakayeniambia nicheze na soksi ili pedi idumu, naomba apite uzi mwingine.