Mwewe na vifaranga vyeupe: gumzo la majirani, Kigamboni

Mama Salma: Asalaam alaykum majirani. Mwewe kanipitia tena asubuhi hii. Cha tatu wiki hii, na vyote vyeupe!! Vyekundu hata havigusi

Baba Neema: Pole jirani. Una hakika si kunguru?

Mama Salma: Mwewe. Nimemuona kwa macho yangu, mkia wa panda

Bibi Mwajuma: Nilikwambia. Mie tangu Pangani sifugi kuku mweupe. Anaonekana toka juu kama karatasi

Idi Fundi: Bibi shikamoo. Mbona kwangu juzi kaliwa jogoo mweusi tii, usiku? Nani kamuona gizani?

Bibi Mwajuma: Marahaba. Huyo si mwewe

Idi Fundi: Kicheche. Kachimba chini ya mlango kaua sita, kala mmoja tu 😭

Mzee Komba: Wa usiku msiwaingize kwenye hii hesabu. Kicheche na kanu wanakuja kwa pua na masikio, umfuge mweupe umfuge mweusi ni yale yale. Dawa yao ni mlango na sakafu ya banda. Mwewe na kunguru ndio wanawinda kwa macho, na ndege wanaona rangi kutushinda sisi. Hapo rangi inaweza kuwa na kesi. Mama Salma, hivyo vyeupe umevipata wapi?

Mama Salma: Vya mashine mzee, broila. Vyekundu katotoa yule koo wangu kishingo

Mzee Komba: Basi hujalinganisha rangi. Umelinganisha mwenye mama na yatima. Jogoo akiona kitu angani anatoa mlio mmoja mwembamba, mrefu. Akiona paka chini analia kwa kukatakata. Koo anajua yote mawili, anaita, watoto wanaingia chini ya mbawa. Vya mashine vinabaki vinashangaa juu

Baba Neema: Broila hata umpige teke hahami 😂

Mama Salma: Sawa mzee, lakini koo huyo huyo mwaka jana katotoa 11, viwili vyeupe. Vilivyochukuliwa ni hivyo hivyo viwili

Mzee Komba: Viwili ni vichache mno kuhukumia. Ila sikukatalii

Idi Fundi: Halafu mchanga wetu huku wenyewe mweupe. Si vyeusi ndio vingeonekana?

Bibi Mwajuma: Kuku kwani anakaa mchangani tu? Anachakura chini ya mkorosho, kwenye majani makavu. Kaa pale saa nne uangalie yupi unamuona wa kwanza

Idi Fundi: 🙌 nimekaa kimya

Mwenyekiti: Samahani, nani hajalipa hela ya taka mwezi huu

Mama Neema: Mie vyangu napaka GV, ile dawa ya vidonda. Vinakuwa zambarau, mwewe anazunguka anaenda zake

Idi Fundi: Mpaka azoee

Mama Neema: Akija kuzoea vimeshaota manyoya

Mzee Komba: Usipake kimoja peke yake, wenzake watamdonoa. Na GV isiwe badala ya tenga. Wiki nne za mwanzo vifunike, au omba nyavu chakavu kwa wavuvi, tandaza juu ya uwanja. Mwewe anataka nafasi ya kushuka na kupaa tena

Baba Neema: Nyavu ninazo, pitia jioni

Mama Salma: Asante sana baba Neema. Nimebakiwa na vinane. Nitapaka vinne, vinne niviache vyeupe, vyote mashine, vyote uwanja mmoja. Tuone

Mzee Komba: Hapo sasa. Na kila siku andika saa ngapi umepoteza

Mama Salma: [picha]

Bibi Mwajuma: Hawa kuku au biringanya?

Mama Salma: 😂😂 Salma naye kajipaka mpaka masikio

Bibi Mwajuma: Mfunike na yeye kwa tenga