Buti ya sivi jointi upande wa ekzosi inakauka na kupasuka kila baada ya miezi michache: tatizo ni buti au ni joto?

Msafiri wa Kitonga (Iringa)

Habari zenu wakuu. Gari langu ni la Kijapani la mwaka 2005, lenye injini ya lita 2.0 isiyo na turbo, ile ambayo mitungi yake imelala pande mbili, na linavutwa na magurudumu yote manne. Katika muda wa miezi 14 nimebadilisha mara mbili buti ya sivi jointi ya ndani, mbele upande wa kulia (ule mpira wa mikunjo unaofunika kiungo cha shafti ya gurudumu na kutunza grisi yake), na sasa ya tatu imeanza kuchanika. Dalili ni ile ile kila mara: nikitoka Dar es Salaam, nikishamaliza kupanda mlima wa Kitonga na kusimama, harufu ya grisi inayoungua hujaa ndani ya gari na moshi mwembamba hutoka chini ya boneti.

Jana niliingia chini ya gari na tochi. Grisi imerushwa na kuacha mstari mweusi juu ya bomba la ekzosi, na buti nilipoiminya kwa vidole ilikuwa ngumu kama gome la mti, huku nyufa zikiwa ndani ya mikunjo. Buti ya kushoto, iliyofungwa siku ile ile, bado ni laini kabisa.

Fundi wangu anasema buti za siku hizi ni za bandia. Sijaridhika na maelezo hayo, kwa sababu zote mbili zilinunuliwa duka moja na ni za chapa moja. Kuna jambo jingine ambalo huenda linahusika: miezi michache kabla ya buti ya kwanza kupasuka, gereji moja ilitoa bati lililokuwa limefunika katalitiki (kopo la kwenye ekzosi linalosafisha moshi), kwa kuwa lilikuwa linagongagonga, na halikurudishwa. Je, nikizungushia ekzosi ile kanda ya kuzuia joto nitakuwa nimemaliza tatizo?

Fundi Mstaafu (Tanga)

Ndugu Msafiri, jibu la swali lako umeliandika mwenyewe pale uliposema kwamba buti ya kushoto bado ni laini. Buti huzunguka pamoja na shafti, kwa hiyo usitarajie kuikuta imeungua upande mmoja. Joto huipika mzunguko mzima. Kipimo cha kweli ni kulinganisha kulia na kushoto. Mpira ungekuwa mbovu tangu dukani, zote mbili zingekuwa zimechoka. Kwenye magari ya aina hiyo sivi jointi ya ndani ya kulia imekaa jirani kabisa na bomba la ekzosi na katalitiki, na ndiyo maana watengenezaji waliweka bati la kukinga joto mahali hapo. Halikuwa pambo.

Buti nyingi hutengenezwa kwa mpira wa kloroprini au plastiki laini, na vyote viwili havipendi kukaa muda mrefu katika joto linalozidi kiasi cha nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi. Katalitiki inapofanya kazi huwa na joto la mamia ya nyuzi. Sehemu kubwa ya joto hilo husafiri kwa miale, bila kugusana na kitu, na miale huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto ukihesabu kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273). Maana yake ni kwamba bomba lenye nyuzi 600 humwaga miale zaidi ya mara tano ya ile ya bomba lenye nyuzi 300. Ndiyo sababu kwenye barabara ya tambarare hukusikia harufu yoyote, lakini baada ya kupanda Kitonga kwa gia ya chini, injini ikifanya kazi nzito na upepo ukiwa mdogo chini ya gari, grisi inaungua.

Sasa nakuomba, kabla ya kununua chochote, utafute kwa nini bomba lina joto kiasi hicho. Plagi, au koili inayoipa umeme, ikikosa kuwasha, petroli ambayo haikuungua huenda kuungulia ndani ya katalitiki na kuipandisha joto kupita kiasi. Angalia pia gasketi ya maungio ya ekzosi, kwa sababu tundu dogo linaweza kupuliza moshi wa moto moja kwa moja kwenye buti, na hapo hakuna bati litakalokusaidia. Masizi meusi kuzunguka maungio ndiyo ishara yake. Mwisho, tazama mauntingi za injini, yaani mipira inayoibeba: zikilala, injini hushuka na bomba lake hushuka nalo, na nafasi uliyokuwa nayo kiwandani haipo tena.

Kuhusu kanda, ushauri wangu ni uiache. Hufanya kazi ya kuzuia joto, sikatai, lakini hushika maji ya mvua na tope na kuozesha bomba la chuma cha kawaida, na kwako wewe kuna hatari kubwa zaidi: grisi ikiirukia, kanda huinyonya kama utambi. Na mtu akikuletea kamba au kitambaa cha asbesto kilichotolewa kwenye mtambo wa zamani, kikatae, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Mama Gereji (Nakuru)

Naunga mkono maneno ya Mzee, na ningependa kuongeza yale ninayoyaona kwenye pikapu, ambako ekzosi hupita sambamba na propela shafti (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma). Mteja hubadilishiwa bomba lililopindwa na welda wa mtaani, gari linatoka likinguruma vizuri, na baada ya muda anarudi akilalamika kwamba linatetemeka akiwa anaondoka. Ukiangalia, mpira unaoshika beringi ya katikati ya propela umekauka na kuchanika kwa sababu bomba jipya limepita karibu nao mno. Hapo kubadilisha beringi peke yake ni kumwibia mteja. Bomba lazima lirudishwe kwenye njia yake, na ile mipira inayoning'iniza ekzosi ikaguliwe, maana mmoja ukikatika bomba huhama lenyewe hadi likaegemea pasipotakiwa.

Ndugu Msafiri, kama bati lako la zamani bado lipo gereji, lifuate. Kwa kawaida linalogonga huwa limeoza tu kwenye matundu ya bolti. Mimi hulizungushia klempu ndefu ya hozi iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, naikaza, na kelele zinaisha. Ni kazi ya dakika kumi, na inanisikitisha kuona watu wakitupa kinga ya gari zima kwa sababu ya mlio.

Msafiri wa Kitonga (Iringa)

Asanteni sana, Mzee wangu na Mama. Bati la zamani halipo tena; nimeambiwa liliuzwa na vyuma chakavu. Fundi bati wa hapa mjini yuko tayari kunikatia jingine kutoka kwenye bati la kuezekea alilonalo. Linafaa?

Fundi Mstaafu (Tanga)

Bati la kuezekea lina tabaka la zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420. Likifungwa juu ya katalitiki tabaka hilo litaharibika, na moshi wake si wa kuvuta. Mwambie akutafutie chuma kisichoshika kutu, au aluminiamu ya unene wa milimita moja hivi. Ukitumia aluminiamu isiguse bomba popote, kwa sababu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 na hulegea mapema zaidi ya hapo.

Zingatia nafasi. Bati hufanya kazi kwa sababu kuna hewa pande zake zote mbili: acha walau sentimita moja kati yake na bomba, na nafasi nyingine kati yake na buti, ukikumbuka kwamba injini hucheza unapokanyaga mafuta na kwamba shafti hupanda na kushuka. Lisukume kwa mkono kila upande kabla ya kuwasha gari. Uso unaotazama bomba ubaki unang'aa, usipakwe rangi, na kila unapoosha gari chini ondoa tope lililoganda juu yake, kwa kuwa bati lenye tope hunyonya joto badala ya kulirudisha.

Grisi utakayoweka iwe ile iliyokuja na buti. Usichanganye na ya beringi za magurudumu, hata kama fundi atakuambia grisi ni grisi. Halafu, ukifika juu ya Kitonga usizime injini papo hapo. Endesha taratibu dakika kadhaa kuelekea Ilula ili upepo upooze bomba, kwa sababu gari likisimama ghafla joto lote lililomo hubaki chini yake na kupanda kwenye mipira.

Msafiri wa Kitonga (Iringa)

Wakuu, narudi na taarifa baada ya wiki tano. Koili moja ilikuwa dhaifu, hasa injini ikiwa na mzigo, na gasketi ya maungio ya kulia ilikuwa na masizi kama Mzee alivyosema. Nimebadilisha vyote viwili, nimefunga buti mpya pamoja na klempu zake, na fundi bati amenitengenezea kinga ya chuma kisichoshika kutu, iliyoshikwa kwa bolti mbili kwenye mabano yale yale ya zamani. Rafiki alinikopesha kipimajoto cha miale. Kabla ya matengenezo buti ilisoma nyuzi 138 niliposimama juu ya mlima. Juzi, mahali pale pale na kwa mwendo ule ule, ilisoma 84.

Mama Gereji (Nakuru)

Hongera, kaka. Usomaji wa kwenye mpira mweusi unaaminika, lakini usipime hivyo bati linalong'aa, kwa kuwa kifaa hicho husoma chini ya joto halisi kwenye uso wa namna hiyo na mtu anaweza kuligusa akaungua. Zile bolti mbili zikaze tena ukishatembea kama kilomita 500, yaani safari moja ya Dar.