Damu moto ilianzia wapi: kwenye mbio au kwenye malezi?

Wadau, hebu tulijadili hili la damu moto, yaani mwili kujizalishia joto wenyewe. Mamalia wengi hukaa na joto la mwili karibu nyuzi 37, ndege wengi hufika 40 na zaidi, na gharama yake si ndogo: mamalia aliyetulia tu hutumia nishati mara 5 hadi 10 ya mjusi mwenye uzito uleule. Mjusi anaota jua bure! Mababu zetu walibeba mzigo huu kwa faida gani?

Jibu lililozoeleka ni la wanabiolojia Bennett na Ruben, 1979: aliyeweza kukimbia muda mrefu bila kuchoka ndiye aliyesalia, joto likaja baadaye kama ziada. Mimi sikubali. Kukimbia ni kazi ya misuli, lakini mnyama akilala joto lake jingi hutoka kwenye ini, figo, moyo na ubongo. Ini liwake usiku kucha kwa ajili ya miguu?

Naegemea hoja ya mtafiti Farmer ya mwaka 2000, kwamba chanzo ni malezi: mzazi kuyapa mayai na watoto joto. Chatu jike wa baadhi ya aina hujiviringisha kwenye mayai, akatetemesha misuli kuyapasha. Tegu, mjusi wa Amerika Kusini, mwaka 2016 ilibainika kwamba msimu wa kuzaliana mwili wake huweza kuzidi joto la shimo lake kwa nyuzi 10.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, na samaki jodari je? Anamwaga mayai baharini na kwenda zake, halei chochote, lakini misuli yake ina joto kuliko maji. Ile ni mbio tupu.

Mleta mada:
Jodari hazalishi joto akiwa ametulia. Anaogelea muda wote, na mishipa yake ya damu iliyopangwa sambamba hurudisha joto la misuli ndani lisipotelee kwenye mashavu ya kupumulia. Kuhifadhi ni jambo moja, kuzalisha ukiwa umelala ni jingine.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana kama vile chanzo lazima kiwe kimoja. Utafiti wa 2022 ulipima mifereji ya sikio la ndani kwenye visukuku vya wanyama wa kale, kwa kuwa umbo lake hufuata joto la mwili, ukaweka mwanzo wa damu moto ya mamalia kwenye miaka milioni 233 iliyopita. Umesema lini, haukusema kwa nini. Halafu ndege walifika hapo kwa njia yao, mbali kabisa na mamalia. Mleta mada, malezi yalisukuma koo zote mbili, ule wa mamalia na ule wa ndege?