Mrejesho: Kompyuta kongwe yenye Linux Mint sasa ni nyepesi

Wakuu, niliomba msaada kuhusu kompyuta yangu kongwe ya mezani yenye RAM ya GB 2: nikiburuta dirisha kwenye Linux Mint (mfumo endeshi, kama Windows ilivyo) ya Xfce, yaani toleo lenye mwonekano mwepesi, linasuasua. Sasa imekaa sawa kabisa! Dawa ilikuwa kwenye Window Manager Tweaks (mipangilio ya madirisha), sehemu ya Compositor, inayohusu madoido kama vivuli: nikaondoa tiki kwenye Enable display compositing. Vivuli vya madirisha vimetoweka, lakini dirisha linafuata mausi papo hapo. Angalizo: bila tiki hiyo, picha ya video inaweza kukatika mstari katikati, kwa hiyo mpenzi wa filamu airudishe. Bluetooth nayo nimeizima isijiwashe, kupitia Session and Startup (mipangilio ya programu zinazojiwasha kompyuta ikiwaka). Mkuu uliyenielekeza, asante sana. Wadogo zangu wanaitumia kompyuta hiyo kusomea kila jioni.