Mama anafikisha mkono kwenye kikombe ila vidole havifunguki, kwa nini?

mwana_tanga: Habari zenu wakuu. Mama yangu alipata kiharusi, ubongo upande wa kushoto, mkono wa kulia ukalala kabisa. Sasa hivi namshukuru Mungu bega limerudi, anaupeleka mkono mpaka kwenye kikombe vizuri tu, akifika pale vidole vimejikunja, havifunguki. Mkono si uleule jamani, iweje nusu irudi nusu igome? Mama ameanza kukata tamaa.

fizio_mwanza: Pole kwa kuuguza mkuu. Kuupeleka mkono na kushika ni kazi mbili, ubongo unaziendesha kwa pamoja ndo maana tunaona moja. Jiangalie ukichukua glasi, vidole vinaanza kutanuka mkono ukiwa bado njiani, tena vinatanuka kuzidi upana wa glasi yenyewe halafu ndo vinajifunga. Amri ya mwisho inatoka mota koteksi, ule ukanda unaopita juu ya ubongo kama hedibendi kutoka sikio hadi sikio, na humo vidole vina eneo kubwa kuliko bega.

Sasa bega lina njia za akiba, linapata amri pia kupitia shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, vidole vinategemea sana njia inayoshuka moja kwa moja toka koteksi mpaka uti wa mgongo. Mwaka 1968 Lawrence na Kuypers walichapisha utafiti wao, waliikata njia hiyo kwa kima, kima wakarudi kukimbia na kupanda na kuufikisha mkono kwenye chakula, ila kutumia kidole kimoja kimoja kuchomoa chakula kwenye tundu dogo hawakuweza tena.

Kidunda: Nakumbuka 2012 Marekani kuna mama aliyepooza karibu miaka 15 alikunywa kahawa kwa mkono wa roboti, waliweka kifaa kwenye hiyo mota koteksi kikasoma anachokusudia!

fizio_mwanza: Ni kweli, ila yule kiharusi kilipiga shina la ubongo, koteksi yake ilibaki nzima, msimlinganishe na mama.

mwana_tanga: Kwa hiyo vidole ndo basi?

fizio_mwanza: Hapana mkuu, vidole huchelewa, na eneo la jirani na palipoumia linaweza kujifunza kazi likitumikishwa. Mpe vitu halisi, kitambaa, kijiko, kikombe kitupu, kila siku, mkono ule mzima usiwe unamsaidia kila kitu. Usivivute vidole kwa nguvu. Vikizidi kukaza mpeleke kwa daktari, kuna sindano za kulegeza misuli.