Contra ya kudaunilodi kwa PS4, ni ile ile ya TV gemu ama ni jina tu?

mtoto_wa_umoja2 (Jumapili, 9:14 usiku)

Wadau habari za jioni, naomba mnisaidie juu nimeuliza watu wengi na kila mtu ananiambia yake. Brother yangu mkubwa anarudi Desemba kutoka Doha, ni miaka sita tunaonana kwa simu tu, na nataka akifika nyumbani apate Contra iko tayari kwa TV. Si gemu ingine, ni Contra. Sisi tulikua na ile TV gemu ya kaseti za manjano, tulikuwa tunaichomeka kwa Great Wall ndogo ya mathe, nyeusi na nyeupe, kaseti ikikataa unaitoa unaipuliza unarudisha, na ikishika hakuna mtu anaruhusiwa kupita karibu na waya. Brother alikuwa na tabia moja, laifu zake zikiisha anabonyeza A anachukua moja yangu, bila kuuliza, halafu nyingine, mpaka tunamaliza zote pamoja. Nilikuwa nalia kabisa. Sai ndio kitu nakumbuka zaidi kuhusu yeye.

Sasa niko na PS4, nimeskia gemu za zamani zinauzwa tena unadaunilodi kwa intaneti. Nauliza, Contra iko? Na ikiwa iko, ni ile yenyewe ama ni mpya wameipaka rangi? Na nikishalipa ni yangu kabisa ama siku moja wataitoa? Pia TV yetu sai ni flati skrini, kuna mtu aliniambia gemu za zamani hazichezeki poa kwa flati skrini, ni ukweli? Pole kwa maswali mingi.

binti_wa_likoni (Jumapili, 9:52 usiku)

Karibu kaka. Iko, na ni yenyewe. Konami, wenye gemu, waliitoa 2019 kwenye mkusanyo unaitwa Contra Anniversary Collection, gemu kumi ndani, upo wa PS4, Switch, Xbox One na Steam pia, lile duka la gemu za kompyuta. Bei yake ilikuwa dola 20 kasoro senti, lakini hushuka wakati wa ofa kwa hivyo usikimbilie. Ndani utakuta Contra ya zile mashine kubwa za kumbi za michezo, utakuta ya NES, konsoli ya Nintendo ya Marekani, na utakuta ya Famicom, ndo konsoli hiyo hiyo kwa Japani, na hapo ndo nataka unisikilize vizuri. Hizi TV gemu zetu zilikuwa za kuiga Famicom, kwa hivyo kabla hujamwekea kakako ifungue mwenyewe zote mbili uone ipi inakugusa, maana ya Japani ina vitu vya ziada, ina hadithi fupi katikati ya levo na minazi inapepea kwa upepo, ya Marekani haina.

Ukiona humo kitu kinaitwa Probotector usishtuke ukadhani umeuziwa uongo. Ni Contra hiyo hiyo, ila Ulaya waliwatoa wale watu wakaweka maroboti.

Na kuhusu kuchukua laifu ya mwenzako, ipo, hiyo ni ya gemu yenyewe tangu zamani, hawajaitoa. Mimi na dada yangu tuligombana kwa hiyo hiyo, Likoni, na sisi tulikuwa watoto wa kike, watu walikuwa wanashangaa.

ps_ya_mtaa (Jumapili, 10:20 usiku)

Hapo kwa kununua ndio kuna kazi, wacha nikuambie nisije nikasikia umepoteza pesa bure. Kwa PSN, duka la mtandaoni la PlayStation, hakuna kuchagua Kenya ukifungua akaunti, wengi wetu tuko na akaunti ya Marekani, Uingereza ama Afrika Kusini. Angalia kwanza yako ni ya wapi. Kodi (code, zile namba za siri) ya kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti, dola kwa akaunti ya Marekani, pauni kwa ya Uingereza, haziingiliani hata kidogo. Mi nilinunua kodi kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni akanitumia ya nchi ingine, nikapiga simu, nikaandika, hakuna kurudishiwa, na hiyo pesa ilikuwa ya kumnunulia mtoto zawadi ya kufunga shule. Tangu siku hiyo nauliza mara tatu kabla nitume pesa.

Kama uko na laptop hata ya kawaida Steam ni rahisi zaidi, Kenya inakubalika na unaweza lipa na ile kadi ya Visa ya M-Pesa ya GlobalPay, ilianza 2022, unaitengeneza kwa simu tu. Gemu zenyewe ni nyepesi, hio Contra ya NES ilikuwa kilobaiti 128, picha moja unatumiwa kwa WhatsApp inaweza kuizidi, ingawa mkusanyo mzima na mambo yake ya ziada ni mkubwa kuliko hapo.

mtoto_wa_umoja2 (Jumapili, 10:41 usiku)

Aki asanteni. Akaunti yangu ni ya Marekani, aliyeniuzia ndiye alifungua. Hapo kwa minazi umenikumbusha kitu, nadhani yetu ilikuwa na theluji inaanguka, nilikuwa nafikiria nimeota. Na ile gemu ya tanki mnaikumbuka? Ya kulinda tai aliyezungukwa na matofali.

binti_wa_likoni (Jumapili, 10:58 usiku)

Hujaota! Theluji ni ya Famicom. Basi cheza ya Japani, ndo yenu.

Ya tanki inaitwa Battle City, ya Namco, 1985. Ipo kwenye Namco Museum Archives Vol 2, ilitoka 2020, PS4 unaipata. Zile kaseti zetu zilikuwa na nakala zilizochokorwa, tanki inapita juu ya maji na mambo kama hayo, kwa hivyo ukiona ile halisi ina masharti zaidi jua ndo ilivyotengenezwa.

shosho_wa_pedi (Jumatatu, 6:05 asubuhi)

Nimeamka mapema nikapata hii mada na sijaweza kuipita. Kijana wangu, swali lako la kuwa ni yako kabisa halijajibiwa na ndilo kubwa. Unachonunua ni ruhusa ya kucheza. Jimbo la California hata lilipitisha sheria 2024 kulazimisha maduka ya dijitali yamwambie mnunuzi hivyo waziwazi, kwa sababu watu walikuwa wanaona kitufe kimeandikwa nunua na wanaamini wamenunua.

Nakuambia juu yalinipata. Nilikuwa na konsoli ya miaka ile ambayo ilianza kuuza gemu za zamani moja moja, nikawa nanunua kila mwisho wa mwezi, moja, mbili, nikafika kumi na nne. Mume wangu alikuwa mgonjwa wakati huo na tulikuwa tunacheza naye jioni, yeye akiwa kitandani mimi nimeketi kwa stuli, pedi yake ya kuchezea nilikuwa nimeizungushia kitambaa juu mikono ilikuwa inatetemeka na inateleza. Siku moja stima ikapotea South B ikarudi na nguvu mbaya, konsoli ikaungua. Nikaenda nikanunua ingine ya aina ile ile, nikaingia dukani na jina langu, hakuna kitu. Gemu zilikuwa zimefungwa kwa mashine ile ya kwanza. Niliandikia kampuni, nikaambiwa pole, nitume mashine nchi ingine ikaguliwe, na usafiri ni wangu. Sikutuma. Zile alama zake alizofikisha, majina aliyoandika kwa orodha ya washindi, yote yalienda na hiyo mashine.

Kwa hivyo mi naogopa, na sio woga wa bure. Duka la mtandaoni la konsoli ya Wii, ya Nintendo, lilifungwa 30 Januari 2019. La 3DS na Wii U, za Nintendo pia, likafungwa 27 Machi 2023. La Xbox 360 likafuata 29 Julai 2024. Waliokuwa wamenunua hawakunyang'anywa siku hiyo, lakini hakuna mtu mpya anaweza kununua, na gemu zingine zilikuwa zinapatikana hapo tu. La PS3 walitangaza 2021 watalifunga, watu wakapiga kelele dunia nzima wakaliacha wazi, kwa hivyo kelele husaidia, usiache mtu akuambie haisaidii. Shirika moja la Marekani la kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, lilihesabu 2023 likapata asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani kununuliwa tena mahali popote halali. Fikiria ni vitabu, unaingia maktaba unapata rafu tisa kati ya kumi ni karibu tupu.

Nunua hiyo Contra, lakini ukishadaunilodi iache ndani ya PS4, usiifute eti utaitoa tena baadaye. Na nunua kifaa cha kulinda stima.

kayole_1990 (Jumatatu, 7:30 asubuhi)

Pole sana mama. Mi sina mengi, naona tu mnazunguka na kuna vimashine vya kuiga bado vinauzwa town, gemu 600 ndani, unachomeka unacheza. Hakuna akaunti hakuna nini.

ps_ya_mtaa (Jumatatu, 7:48 asubuhi)

Nilishanunua hicho. Gemu 600 ni kama 40 zimerudiwa majina, sauti iko chini nusu toni, pedi za plastiki zilikufa wiki ya pili. Na hakuna senti inafika kwa waliotengeneza. Zamani hatukuwa na njia ingine, sai tuko nayo.

fundi_luthuli (Jumatatu, 1:17 mchana)

Salamu zenu. Mi ni fundi wa TV na konsoli, kazi yangu hii miaka kumi na nane, wacha nijibu ya flati skrini juu huyo aliyekuambia hakukosea, amekosa tu kumalizia.

TV ile ya mgongo, ile nzito, picha ikiingia inachorwa saa hiyo hiyo mstari kwa mstari. Flati skrini inaipokea kwanza, inaipanua, inaisafisha, inaongeza rangi, ndio inaonyesha, na hapo kuna kuchelewa kidogo sana lakini kwa Contra risasi haingoji. Unabonyeza kuruka na mtu wako anaruka amechelewa, unafikiri umezeeka kumbe ni TV. Dawa yake ingia kwa mipangilio ya picha tafuta Game Mode uiwashe, na uzime vitu vyote vya kulainisha picha. Halafu uite mtu acheze na wewe utazame tu kidole chake na skrini, utaona tofauti mwenyewe. Mteja wangu mmoja alileta TV eti imeharibika gemu inavuta, niliwasha hiyo tu mbele yake, akakaa hapo dukani akacheza nusu saa wateja wengine wamesimama.

Ile ya kupiga bata na bunduki msijaribu. Bunduki ile ilikuwa inangoja mwanga wa skrini, ukivuta skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu mahali pa bata panakuwa peupe, na jicho la bunduki linasoma kwa saa ile ya TV ya mgongo. Kwa flati hailingani, bata hafi milele. Nintendo waliporudisha Duck Hunt kwa Wii U Desemba 2014 ilibidi watumie rimoti ya Wii badala ya bunduki.

Kitu kingine watu hawaangalii ni kasi. Kenya tulikuwa mfumo wa TV wa PAL kama Ulaya, hertzi 50, yaani picha inachorwa mara 50 kwa sekunde, Marekani na Japani ni mfumo wa NTSC, 60. Ndio maana mlikuwa mnaweka CD ya kutoka huko na TV inaleta picha bila rangi. Gemu nyingi za Ulaya zilikuwa zinaenda polepole, karibu asilimia 17, muziki pia unavuta, na sasa wanapozirudisha wakati mwingine wanachukua hiyo ya polepole. PlayStation Classic ya 2018, ile ndogo ya gemu 20, ilikuja na Tekken 3, ile gemu ya kupigana, ya hertzi 50 na watu waliocheza ya Marekani waliisikia kwa vidole kabla hawajajua shida ni nini. Kwa hivyo ukiona gemu ya zamani inauzwa uliza ni ya hertzi ngapi.

binti_wa_likoni (Jumatatu, 2:03 mchana)

Fundi Mungu akubariki. Na nyimbo pia watu waangalie, zikiisha leseni huondolewa. GTA San Andreas kwenye Steam ilipunguzwa nyimbo kadhaa 2014, na Crazy Taxi ilivyorudi ule muziki wa rock wa mwanzo haukuwepo na mikahawa uliyokuwa unapeleka abiria imebadilishwa majina. Unaendesha teksi ile ile na masikio yanakuambia hapa si pale. Contra iko salama kwa hilo, muziki ni wao wenyewe.

mtoto_wa_umoja2 (Jumamosi, 11:26 usiku)

Nimerudi. Nilinunua kodi ya dola nikaulizia mara tatu kama mlivyosema, ikakubali. Nimewasha Game Mode, kwa TV yetu ilikuwa imefichwa ndani ndani chini ya mambo ya sauti, sijui nani aliiweka huko. Kifaa cha stima pia nimenunua, shosho nilikufikiria nikilipa, na pole sana kwa mzee.

Nilianza na ya Japani. Theluji iko. Nilicheza na mtoto wa dadangu, ako miaka tisa, hajawahi ona gemu ya hivi. Tulifika ile levo ya maporomoko ya maji, ya kupanda juu, ile skrini inapanda na wewe na mwenzako akibaki chini anakufa. Mi nilikuwa mbele nikaruka tu, nikaskia amepiga kelele, nimemuua. Nikakumbuka brother ndiye alikuwa anakuwa mbele hapo na alikuwa anasimama kwa ukingo wa jiwe, risasi zinakuja, ananingoja mi mdogo nijue kuruka. Hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, nimekuwa nikikumbuka tu laifu alizochukua.

Tulirudia, nikasimama nikamngoja. Ilichukua muda.

Fundi, pedi ya pili yangu fimbo ya kushoto inateleza yenyewe, unatengeneza ama ninunue ingine? Anafika tarehe 14.

fundi_luthuli (Jumapili, 8:40 asubuhi)

Natengeneza. Kwa Contra tumia mishale, usitumie fimbo, lakini ilete tu, Jumanne niko asubuhi yote.